Kifaru Kwenye Meza ya Fundi wa Saa

Sista wa kliniki ya Jumanne aliniomba nije nizungumze na wagonjwa wapya. Nikamwambia mimi si mtu wa kuzungumza, anipe kalamu. Basi haya ni yako wewe uliyekaa kwenye ile benchi ya mbao karibu na mlango wa maabara, kadi mkononi, na hujui unaumwa na nini. Usitegemee nikueleze mambo ya dawa. Hayo ataeleza daktari, na hata yeye siku nyingine alikuwa ananichanganya. Mimi nitasema tu vile ilikuwa, na mahali ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Mahali hapo ni pengi.

Mimi ni fundi wa saa. Kwetu ni Ugenya, lakini Eldoret nimekaa tangu nikiwa kijana, na kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda nyuma ya soko, nusu yangu na nusu ya Njoroge, fundi wa nguo. Yeye alikaa upande wa mlango na cherehani yake, mimi upande wa dirisha kwa sababu saa inataka mwanga. Tulikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, na kila wiki mmoja wetu alikaa nao.

Wiki ile ya Januari baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, ufunguo ulikuwa kwangu. Njoroge alikuja nyumbani kwangu Langas asubuhi, amevaa koti la mkewe na kofia imeshuka hadi machoni, akasema anataka kutoa cherehani yake kabla mambo hayajaharibika zaidi. Siku hizo mimi sikuwa kati ya waliokuwa wanatafutwa kwa sababu ya kabila. Yeye alikuwa. Tukaenda kwa njia za nyuma, akasimama pembeni kuangalia barabara, mimi nikashika kufuli. Sasa sikiliza, mimi ni mtu ambaye huokota skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi na kuiweka mahali pake bila kuitazama mara mbili. Siku hiyo ufunguo ulikataa kuingia kwenye tundu. Mkono ulitetemeka, nikaushika kwa ule mwingine, nao pia ukatetemeka. Ufunguo ukaanguka kwenye mtaro. Kelele zikatokea upande wa juu, Njoroge akanivuta shati, tukakimbia. Jioni safu yote ya vibanda iliungua, cherehani yake ndani, na redio yangu, na saa za watu.

Njoroge aliondoka na lori kutoka kituo cha polisi alikokuwa amekimbilia siku ya tatu, akaenda Nakuru. Hakunilaumu. Lakini tangu siku hiyo nilitaka kujua kitu kimoja tu, na ndicho nilichotafuta kwa miaka mitano: ule mtetemeko ulikuwa ni mimi, woga wangu, au ulikuwa ni kitu kingine kilichoingia ndani yangu bila kubisha hodi?

Kwa sababu haukuisha. Mambo yalitulia, barabara zikafunguliwa, viongozi wakapeana mikono, lakini mikono yangu ikaendelea na vita yake. Februari nilikuwa namwaga chai. Machi nilikuwa siwezi kutia uzi kwenye sindano. Nilikuwa nakula kama mtu anayechimba mitaro, ugali wa watu wawili, na bado suruali ikanilegea hadi nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari. Nilikuwa nasikia joto. Eldoret, baridi ile ya asubuhi unayoijua, na mimi nimekaa na shati wazi natokwa jasho. Na hasira! Sikuwa mtu wa hasira. Sasa nilikuwa namgombeza Mama Akinyi, mke wangu, kwa sababu amefunga mlango kwa sauti, kisha nakaa kwenye kiti na kutaka kulia, na sijui kwa nini.

Kila mtu alikuwa na jibu. Watu wa ushauri waliokuja kanisani waliniambia ni mshtuko, wakanipa karatasi nichore nilichoona. Nilichora kufuli. Mchungaji aliniwekea mikono kichwani akakemea pepo wa woga, na kusema kweli siku hiyo nililala vizuri. Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani kusema nirudi, ati nchi ya watu imenikataa. Mama Akinyi peke yake hakusema kitu. Alinitazama nikila, akatazama mifupa ya mabega yangu. Nilijua anafikiria nini. Wewe pia ungefikiria hivyo hivyo, mtu anayekonda huku anakula. Tukaanza kulala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Aprili, watu wakiwa wanapanda mahindi, akaja Mzee Cheruiyot kutoka Turbo. Alikuwa mteja wangu wa zamani, mwanajeshi mstaafu, mrefu, na ana ile tabia ya kusimama kana kwamba kuna mtu anamkagua. Kibanda kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo sasa nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya chakula. Alileta saa yake ya kukaza kwa mkono isafishwe, na akaleta sanduku la karatasi. Ndani kulikuwa na kifaru cha vita, cha plastiki, ukubwa wa nusu mkate. Binti yake anayefanya kazi ng'ambo ndiye aliyemtumia, kwa sababu Mzee alikuwa dereva wa kifaru kama hicho jeshini. Alikuwa amekiunganisha mwenyewe kwa gundi, vizuri tu, lakini hakikumridhisha.

"Hii kitu iko uchi," akaniambia. "Kifaru ya ukweli iko na vitu. Iko na vishikio, iko na kamba ya kuvuta, iko na koleo, iko na mnyororo. Hii wameweka alama tu kwa plastiki, kama picha. Mimi nataka vitu."

Nikamwonyesha mikono yangu. Niliinyoosha tu juu ya meza aone vile inacheza. Aliitazama kidogo, akasema hana haraka, akaacha sanduku na saa, akaenda kutafuta gari la Turbo.

Mama Akinyi aliporudi kutoka shule ya chekechea anakofundisha, akakuta kifaru kati ya sahani ya mboga na chupa ya chai. Akasimama na mkoba wake begani. "Baba Akinyi," akasema, "vita tumeona. Sasa tunakula nayo?" Nilikihamisha upande mwingine wa meza, na hapo ndipo kilipokaa, siku zote, akipita anakifunika na gazeti.

Nitakueleza hiyo kazi kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonipima kabla ya daktari kunipima. Kwanza unaondoa kila kishikio cha plastiki kilichochongwa kikashikamana na mwili, unakikwangua na wembe hadi pawe laini. Kisha unatoboa matundu mawili, sindano ndiyo keekee, unaizungusha kwa vidole polepole. Waya nilitoa kwenye mota ya redio iliyokufa, shaba nyembamba kama unywele wa farasi, unaikunja kwa kibano, unaingiza miguu miwili kwenye matundu mawili, tone la gundi. Kishikio kimoja. Mzee alikuwa ameandika orodha, na vishikio peke yake vilikuwa kumi na vinne.

Fundi aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alinifundisha kushika pumzi, kusikiliza moyo, na kuweka kitu mahali pake kati ya pigo na pigo, maana hapo ndipo mkono unapotulia. Kwa miaka ishirini hiyo nafasi ilinitosha hata kupiga chafya. Sasa nilishika pumzi, nikasikiliza, nikangoja ile nafasi. Haikuja. Pigo, pigo, pigo, kama mtu anakimbia juu ya mabati. Mwezi mzima nilifanikiwa kuweka vishikio viwili, na kimoja kiliingia upande. Nilijiambia, tazama ulivyo mwoga, hata mbele ya plastiki.

Halafu wateja wakaanza kurudi. Si wengi, wazee wachache ambao bado wana saa za kukaza. Wote walilalamika jambo moja: Fundi, saa yangu inakimbia. Mmoja akasema siku hizi anafika kanisani kabla ya aliye na ufunguo wa mlango. Nilikasirika. Nikawaambia labda redio zao ndizo zinachelewa. Nilikuwa mkali kiasi kwamba mmoja aliacha saa yake mezani akaenda zake.

Juni Mzee Cheruiyot akaja na yake, aliyokuwa ameichukua mwezi uliotangulia. Dakika kumi na mbili kwa siku, akasema, ameilinganisha na redio wiki nzima na kuandika kwenye daftari. Mwanajeshi ni mwanajeshi. Akaniuliza, bila ukali, huwa narekebisha mwendo namna gani. Nikamweleza. Redio ya kulinganishia iliungua kibandani, kwa hiyo nilikuwa nimerudia njia ya zamani ya mwalimu wangu, ile ya kuanzia: unaweka saa sikioni, kidole kwenye mshipa wa mkono, na kwa kila pigo la moyo unahesabu tiki tano. Zikipungua, saa inachelewa, unasukuma kile kimkono kidogo cha ndani upande wa haraka. Na siku hizi, nikamwambia, saa zote za Eldoret zinachelewa. Nasukuma hadi mwisho na bado zinachelewa.

Nilipokuwa nasema hivyo nilijisikia mwenyewe. Unajua vile mtu anasema kitu kwa sauti ndipo anasikia upumbavu wake? Mzee hakucheka. Alinishika mkono, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, maana jeshini walifundishwa huduma ya kwanza, akatoa simu yake na kutazama sekunde.

"Mia moja na ishirini na nane," akasema. "Na umekaa kwa kiti. Si saa ndiyo inakimbia. Ni wewe."

Ningepaswa kufurahi, lakini sikufurahi. Nilimwambia huo ni woga tu, kila mtu amesema, hata mchungaji. Akasema labda, yeye hajui, yeye ni dereva. Kisha akaenda, akaniacha nimechanganyikiwa zaidi ya alivyonikuta.

Jioni nilimsimulia Mama Akinyi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Jumapili baada ya kanisa nililala kwenye kochi mchana, na nilipoamka alikuwa amepiga magoti sakafuni karibu nami, saa ya Mzee mkononi, ile niliyokuwa nimeirekebisha upya kwa redio ya jirani, na kiganja chake kimelala kifuani mwangu. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

"Mia na kumi na mbili," akasema. "Ulikuwa umelala, hata ulikuwa unakoroma. Mtu anakoroma na anaogopa?"

Nikasema sijui. Akaendelea kushika kifua changu, kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilienda kupimwa Machi. Peke yangu. Niko sawa. Nimekuwa nikingoja wewe useme kitu, hukusema." Nilitaka kukasirika. Miezi mitatu ameniweka kwenye mizani na kunyamaza! Halafu nikakumbuka mimi pia nilikuwa nimenyamaza miezi hiyo hiyo, nikijua anachofikiria, na sikwenda kupimwa kwa sababu niliogopa jibu. Basi sote wawili tulikuwa wajinga. Nilimwambia Jumatatu nitaenda. Akasema tutaenda.

Julai ilikuwa ya mabenchi. Benchi ya kadi, benchi ya damu, benchi ya kungoja majibu ya damu, ambapo unasogea kalio kwa kalio hadi mbao zenyewe zinang'aa. Ule ugonjwa mwingine, ule wa virusi, sikuwa nao, waliniambia mapema, na Mama Akinyi akatoka nje akakaa kwenye ngazi akalia kwa leso. Kisha wakatuma damu nyingine, na nyingine. Kulikuwa na sista mmoja mnene, sauti ya chini, aliyegundua kwamba mimi ndiye mgonjwa pekee anayetokwa jasho Julai, akawa ananiwekea nafasi karibu na dirisha linalokataa kufungika. Wengine walinung'unika juu ya upepo. Mimi nilimwombea baraka kila Jumanne.

Daktari alikuwa kijana, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniambia nimeze mate. Nikameza. Akasimama nyuma yangu akashika koo langu, akaniambia nimeze tena. Ni tezi, akasema, hii hapa mbele ya shingo, imevimba kidogo, inafanya kazi kupita kiasi na inausukuma mwili wote mbio: moyo, tumbo, jasho, mikono, hata hasira. Mama Akinyi akauliza, hata hasira? Akasema hata hasira. Aligeuka akanitazama kana kwamba amerudishiwa kitu kilichoibwa.

Mimi nilikuwa na swali moja. Nilimuuliza ilianza lini. Akasema haiwezekani kujua, labda mwaka jana, labda mapema zaidi. Nikamuuliza kama Januari ilikuwepo. Akasema pengine. Nikamuuliza kama mshtuko unaweza kuileta. Akasema wengine husema hivyo, hakuna hakika. Nilitaka kumshika kola. Nilikuwa nimebeba swali hilo kama mtu anayebeba yai, na yeye akaniambia pengine.

Hata hivyo jioni nilimpigia Njoroge Nakuru. Nilikuwa na neno sasa, nilikuwa na karatasi yenye muhuri. Nilimwambia yote kwa haraka, tezi, moyo, mikono, nikasema unaona basi, siku ile ya kufuli haikuwa woga, ulikuwa ugonjwa.

"Fundi," akasema, "cherehani iliungua. Haikuuliza ni tezi ama ni woga." Kisha akaniambia pole na ugonjwa, nimsalimie Mama Akinyi, nimeze dawa.

Iliniuma, sitaficha. Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye Biblia na sikumwonyesha mtu mwingine.

Dawa nilimeza. Vidonge vilikuja kwenye karatasi ngumu yenye foili, na ile foili ilikuwa laini hasa, inakunjika bila kukatika. Mwezi wa kwanza wa dawa sikuona tofauti. Mwezi wa pili, mahindi ya Turbo yakiwa yamekauka mashambani, nilishika kibano asubuhi moja, nikashika pumzi, na ile nafasi ikaja. Fupi, lakini ikaja. Niliweka kishikio cha tatu, nikakaa nikikitazama kama mjinga. Kuanzia hapo nilihesabu wakati kwa vidonge. Kila karatasi ikiisha, nilikata foili yake kwa wembe kuwa mikanda myembamba, na mikanda hiyo ndiyo inayoshikilia koleo, shoka na sururu ubavuni mwa kifaru, kila mmoja na kifungo chake cha waya. Kamba ya kuvutia nilisokota kwa nyuzi saba za shaba. Mnyororo ulitoka kwenye mkufu wa Akinyi, binti yetu aliyekuwa shule ya bweni, uliokatika zamani.

Mzee alikuwa anakuja kila baada ya wiki chache na kukumbuka kitu. Kishikio cha kulia nyuma, akasema, kilikuwa kimepinda, kwa sababu mekanika wao alikuwa na mazoea ya kukikanyaga akipanda. Nikatoa kile kilichonyooka nikaweka kilichopinda. Mama Akinyi aliuliza siku moja, huku anamwekea chai, kifaru hicho kiliua watu wangapi. Mzee akafikiria. Akasema kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kupigana nacho hata siku moja, walikuwa wanakiosha tu, Ijumaa kwa Ijumaa, na kukipaka rangi mkubwa akija. Mama Akinyi akacheka mpaka akaweka birika chini. Gazeti lilianza kusahaulika baada ya hapo, ingawa hakusema lolote.

Usidhani ilikuwa kupanda tu. Walipopunguza vidonge mwaka uliofuata, mikono ilirudi kucheza ndani ya wiki sita. Wakaongeza, ikatulia. Wakapunguza tena, ikarudi. Macho yalianza kunitoka kidogo, watoto wa shule ya Mama Akinyi wakawa wananiogopa. Daktari akasema afadhali kuikata tezi. Akaeleza kwamba karibu na tezi hupita mshipa wa sauti, na kwamba mara chache sana hutokea hivi au vile. Siku ya kutia sahihi kwenye fomu, damu yangu ilikuwa sawa kabisa, vipimo vinasema hivyo, na mkono ulitetemeka hadi sahihi ikawa ya mtu mwingine. Sista akasema kila mtu hutetemeka kwa hiyo fomu. Nilikaa pale na kalamu, sielewi. Basi kumbe upo pia mtetemeko mwingine? Na nitaujuaje huu na ule?

Walinikata wakati wa mavuno. Nakumbuka kuamka na kiu, na kitambaa shingoni, na Mama Akinyi ananiambia nisiseme. Wiki tano sauti yangu ilikuwa kama ya mlango wa stoo. Midomo iliwasha kama imeguswa na upupu, wakanipa vidonge vya kalsiamu nimeze. Baadaye nilinenepa, nikawa mzito, nikasikia baridi mara ya kwanza baada ya miaka miwili, nikamwomba Mama Akinyi sweta. Alinitafutia mbio, ungedhani nimeomba harusi. Sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yote, na inabidi ningoje kabla ya kunywa chai. Hiyo kungoja chai ndiyo sehemu ngumu ya ugonjwa huu, na hakuna atakayekuambia.

Nilipata kibanda kingine. Kifaru kilikuwa karibu kimalizike, ila Mzee hakutaka kimalizike. Kila nikidhani basi, anakumbuka. Mwisho alikumbuka kikombe cha bati, cha mwenzake aliyekuwa mpiga mzinga, ambacho kilikuwa kikining'inia nyuma kwenye ndoano. Mwenzake huyo alikuwa amefariki. Alitaka kikombe.

Hiyo ilikuwa wiki ya uchaguzi uliofuata. Watu walipiga kura Jumatatu na matokeo yakachelewa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjini maduka yalifunga mapema, watu walinunua unga na mafuta taa na kutembea haraka bila kusalimiana. Nilibaki nyumbani na kifaru. Kikombe nilikuwa nimekitengeneza kwa foili, na mpini wa waya, kidogo kama punje ya mtama. Nilikishika kwa kibano nikakipeleka kwenye ndoano, na mkono ukaanza.

Si kidogo. Kama zamani. Kikombe kikaanguka mara mbili, nikakitafuta sakafuni na tochi. Nilijua basi, imerudi, au wamenizidishia kidonge. Asubuhi nilikwenda kliniki. Benchi ilikuwa karibu tupu, watu walikuwa wameogopa kutoka majumbani. Wakatoa damu, wakanihurumia wakaipima siku hiyo hiyo. Nilingoja hadi saa tisa. Daktari, yule yule, sasa ana kitambi, akatazama karatasi mbele na nyuma.

"Damu iko sawa," akasema. "Sawa kabisa. Hakuna kitu hapa." Kisha akaniuliza, "Fundi, kwani leo ni nani hatetemeki?"

Nilitembea hadi Langas. Miaka mitano nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba haikuwa woga, na sasa mtu ameniambia, kwa vipimo, kwamba ni woga. Nilingoja aibu. Nilitembea nikiingoja, nikapita soko, nikapita mahali ambapo kibanda kilikuwa. Badala yake nilisikia tu naogopa, naogopa sana, kama mtu mwingine yeyote.

Mama Akinyi alikuwa mezani anachambua maharagwe karibu na kifaru, redio imewashwa chini chini. Aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia tezi haina neno. Akauliza, basi ni nini?

"Naogopa," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo. Hata Januari ile sikumwambia.

Alisukuma sinia kando, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole wazi, nione. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

"Tangu Jumatatu," akasema. "Na ile Januari, kabla ya wewe. Nilikuwa nauficha chini ya leso." Kisha akavuta kiti chake karibu, akakishika kile kifaru kwa mikono yote miwili na kukikandamiza mezani kisisogee. "Haya, weka hicho kikombe."